Kipupwe Musoma: Mtoko wa Siku Moja, Watu Wawili

Waulize wapenzi wa mjini wanapenda mtoko wa wapi, majibu unayajua kabla hawajafungua mdomo: Zanzibar, Bagamoyo, na wale wenye mifuko mizito watakutajia Serengeti. Ukisema Musoma utaulizwa, "Kuna nini kule?" Mimi niliulizwa hivyo na wenzangu watatu ofisini kabla sijamaliza kujaza fomu ya likizo. Wa nne akaongeza ule mzaha wa zamani kuhusu wanaume wa Mara na mikono yao myepesi. Mume wangu ni mtu wa Tanga, kwa hiyo mzaha haukunihusu sana. Nikacheka, nikaendelea na fomu yangu.

Ukweli ni kwamba sikuwa nakwenda kupumzika. Mwezi wa sita mwenzangu alipata barua ya uhamisho: kuanzia tarehe 1 Agosti kituo chake cha kazi kinakuwa Musoma. Cheo kimepanda, mshahara umepanda, nyumba wanatoa wao. Kazi yangu mimi iko Dar. Msomaji, kama una ndoa na una mwajiri, hesabu hii huhitaji kufundishwa. Kuna wenzetu kibao ambao mmoja yuko Dodoma na mwingine Mtwara, na ndoa inaendeshwa kwa vocha ya simu. Wengine wanaiweza. Wengine wanasema wanaiweza.

Wiki tatu nzima tulilizungumza jambo hilo sebuleni, simu mkononi, televisheni inaunguruma, na kila asubuhi tukaamka pale pale tulipolala. Mwishowe nikamwambia: twende tukauone huo mji wenyewe. Siku moja, tutembee kama watalii, tusimtembelee mtu, tusiende kazini kwako. Halafu tuamue.

Julai ndiyo mwezi wa kwenda. Musoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na wakati huo mvua zimekatika, anga safi, mchana jua la wastani. Usitegemee baridi ya Makete wala ya Lushoto. Kipupwe cha Musoma ni cha upepo: usiku na alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka unatoka ziwani kuja mjini, na kati ya hapo unatulia kidogo kama mtu anayebadili nguo. Sweta moja jepesi linatosha, ila hilo moja usiliache nyumbani.

Safari yenyewe haina mengi. Tulipanda ndege hadi Mwanza, kisha basi kama kilomita 220 kupitia Magu, Lamadi na Bunda. Baada ya Lamadi barabara inagusa ukingo wa Hifadhi ya Serengeti, na nyani wamekaa pembeni wanawakagua abiria kama maaskari wa mizani. Ijumaa usiku tukashuka stendi ya Bweri, bodaboda mbili, chumba, usingizi.

Saa moja asubuhi, Mwigobero

Jua Musoma mwezi wa saba linatoka karibu saa moja kasorobo, kwa hiyo hata mtu mvivu kama mume wangu anaweza kuliwahi. Tulishuka Mwigobero, mwalo ulio chini ya mji, mikono mifukoni. Huku boti zinazovuka ghuba kwenda Kinesi, upande wa Rorya, zinapakia watu, magunia na baiskeli. Kule mitumbwi ya dagaa ndiyo kwanza inaingia.

Uvuvi wa dagaa unafuata mwezi. Dagaa huvutwa na taa, na taa haina nguvu usiku wa mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi hutoka siku za giza. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa; siku hizi nyingi ni za betri zinazochajiwa kwa sola. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu kazi inapungua, nyavu zinashonwa, watu wanarudi makwao. Nilijua hayo kijuujuu, kama mtu yeyote aliyewahi kununua dagaa wa Mwanza sokoni Kariakoo. Sikuwahi kujiuliza yana maana gani kwa mke wa mvuvi.

Aliyenieleza ni mama mmoja muuza chai pale mwaloni. Ana benchi moja, jiko la mkaa na chapati zilizofunikwa kwa kitambaa.

"Karibuni wanangu. Mmetoka wapi?"

"Dar, mama."

"Poleni. Mmekuja msibani?"

"Hapana mama, tumekuja kutembea."

"Kutembea tu?" Akatuangalia wote wawili, akaangalia viatu vyangu, akacheka mpaka akaweka birika chini. "Haya. Kunyweni chai, mtembee vizuri."

Chai ya maziwa, tangawizi ya kutosha, chapati nzito zisizokunjika. Baridi ikatuhama. Mume wangu akamuuliza mama kama mzee naye ni mvuvi. Akasema ndiyo, yuko kisiwani Rukuba, anakaa huko kambini giza lote. "Sisi mwezi mpevu ndiyo siku za nyumbani," akasema, kama mtu anayekutajia siku za gulio.

Nikamuuliza kama ameshazoea.

"Kuzoea? Mwaka wa kumi na moja huu. Akichelewa siku mbili nampigia mwenye mtumbwi."

Mume wangu alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Mimi nikaomba chapati ya pili.

Kutoka Mwigobero unaweza kuuzunguka mji kwa miguu, na hapo ndipo Musoma inapowashinda wakubwa zake. Mwanza ni jiji, lina foleni zake na kelele zake. Hapa umekaa kwenye rasi iliyoingia ziwani. Wenyeji wanasema hata jina la mji kwa Kikwaya lina maana hiyo hiyo. Ukitembea Mtaa wa Mukendo na maduka yake, ukikata kona, mwisho wa mtaa unaona maji. Ukikata nyingine, mawe makubwa ya rangi ya kijivu, na nyumba zimejengwa katikati yake bila kuyasumbua. Hakuna anayekukimbilia kukuuzia kitu. Tulipita pia Mwisenge, kwenye shule ya msingi ambako mwaka 1934 mtoto wa chifu kutoka Butiama aliletwa kuanza darasa la kwanza akiwa na miaka 12, karibu kilomita 40 kutoka kwao. Ilikuwa Jumamosi, uwanja mtupu, mbuzi wawili. Tukasimama kidogo, tukaenda kutafuta hiace ya kwenda kwa huyo mtoto.

Butiama

Nilikwenda Butiama nikiwa na picha ya kumbukumbu za kitaifa za kawaida: zege, bendera, mlinzi aliyechoka. Mwitongo, mahali ilipo nyumba ya Nyerere na makumbusho yake, si hivyo. Ni boma la familia kwenye kilima chenye mawe na miti mikubwa, na pimbi wanaota jua juu ya mawe. Kuna ubaridi kuliko Musoma; sweta nililolifunga kiunoni nikalivaa tena. Jirani uko msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu kama makao ya mzimu wao, na nakushauri usiingie hovyo kutafuta picha ya simu.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki, tarehe 14 Oktoba, huko London. Ndani kuna picha, mavazi, fimbo, zawadi alizopewa na wakubwa wa dunia na zile alizopewa na wanavijiji. Ukitaka historia ya TANU na Azimio la Arusha utaipata pale, tena kwa picha nzuri. Mimi kwa sababu zangu nilikuwa natafuta kitu kingine.

Nilikuwa namtafuta Maria. Binti Gabriel alizaliwa Baraki, ng'ambo ile ya ghuba tuliyoiona asubuhi, ambako sasa ni Wilaya ya Rorya. Alisomea ualimu Sumve, akafundisha shule ya msingi. Walichumbiana na Nyerere mwishoni mwa 1948, na miezi michache baadaye, mwaka 1949, mchumba akasafiri kwenda kusoma Edinburgh. Akarudi Oktoba 1952. Wakafunga ndoa Januari 1953, hapa Musoma, kisha wakahamia Pugu alikopata kazi ya kufundisha. Fanya hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka mitatu, hakuna simu, hakuna picha ya video, barua tu. Husimuliwa pia kwamba aliporudi kutoka Uingereza alishika matope kwa mikono yake akafyatua matofali ya nyumba ya bibi harusi, watu wakamshangaa, msomi wa shahada ya Ulaya anakanyaga udongo.

"Unaona?" mume wangu akasema. Alisema kwa sauti ya mtu aliyepata wakili.

"Nimeona nini?"

"Miaka mitatu. Sisi tunazungumzia Dar na Musoma."

"Nimeona," nikamjibu. "Nimeona pia huyu dada alikuwa mwalimu. Alikuwa na kazi yake. Hakuna mahali walipoandika kwamba aliacha kufundisha akakaa dirishani."

Watoto wa shule waliokuja na mwalimu wao wakageuka kututazama. Tukatoka nje.

Tulikaa kwenye jiwe karibu na nyumba, na pale, msomaji, tulizungumza kwa mara ya kwanza tangu barua ile ifike. Si kwamba tulikuwa hatusemi. Tulikuwa tunasema sana. Lakini nyumbani yeye akisema "Musoma" mimi nilikuwa nasikia "acha kazi", nami nikisema "kazi yangu" yeye alikuwa anasikia "nenda peke yako". Hakuna aliyewahi kutamka lolote kati ya hayo mawili. Yeye akaniambia anaogopa kukaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu akila chipsi mayai kila usiku. Mimi nikamwambia naogopa kuja huku niwe "mke wa bosi mpya", mtu wa kukaribishwa kwenye harusi na kuchangishwa. Nimekuwa mhariri kwa miaka tisa. Hilo nalo akalisikiliza. Upepo ulikuwa unapita kwenye majani, pimbi mmoja kasimama anatuangalia bila haya.

Kaburi la Mwalimu liko hapo hapo, karibu na makaburi ya wazazi wake, Chifu Burito na Mama Mgaya. Ipo pia nyumba kubwa aliyojengewa na jeshi, ambayo hakuwahi kuikaa muda mrefu. Niliitazama nyumba hiyo, nikaitazama ile ya zamani aliyoizoea, na nitakuambia maoni yangu ambayo hayamo kwenye kibao chochote: mzee alizoea ile ndogo. Kuna watu ukiwapa sebule kubwa wanabaki kutafuta kona yao.

Alasiri

Tulirudi mjini saa tisa tukiwa na njaa ya kutisha. Agiza sato, wa kukaanga au wa kuchoma, na ugali wa mhogo uliochanganywa na mtama. Ugali huo ni mweusi kidogo na unavutika. Mtu wa sembe ataukunjia uso tonge la kwanza, la tatu atanyamaza. Sangara nao wapo wa kutosha, samaki aliyepandwa ziwani miaka ya 1950 akawamaliza furu wengi wa asili, lakini kwa ladha mimi kura yangu nampa sato. Ukikaribishwa maziwa mgando usikatae. Na hapa niseme jambo la afya: maji ya ziwa yanavutia, hasa ukiwaona watoto wanavyopiga mbizi, lakini kichocho kipo. Wekeni miguu juu ya mawe, si ndani ya maji.

Baada ya kula tukavunja kanuni moja ya mtoko: tukaenda kuiona nyumba. Mlinzi akatufungulia. Vyumba vitatu kweli, mwembe mmoja, rangi ya ukutani ambayo nitaibadilisha hata ikinigharimu ndoa. Dirisha la jikoni linaona ziwa, kipande kidogo kati ya paa mbili. Mume wangu alikuwa anapima mahali pa kuweka friji. Mimi nikaingia chumba cha nyuma, nikafunga mlango, nikatoa simu, nikatuma ofisini kurasa nane za toleo lijalo zenye picha zote. Nilisimama pale naangalia ule mstari unavyosogea. Dakika nne na kitu. Dar siku mbaya huchukua zaidi ya hapo.

Sikumwambia mara moja. Nilitaka kwanza nijue nafurahi au vipi.

Ukifika Musoma na mwenzi wako, jioni msiikose. Mji uko mashariki mwa ziwa, maana yake jua linazama majini, mbele yenu kabisa, kama kule pwani tusikokupata isipokuwa kwa kuvuka kwenda upande wa magharibi wa Unguja. Nendeni kwenye ncha ya rasi, pale Matvilla Beach, panda mawe. Mnandi weusi wamekaa kwenye miamba wametanua mabawa yakauke. Yangeyange wanarudi makundi kwa makundi. Wapo wenye soda, wapo wenye bia, na wapo vijana wa mji wawili wawili ambao hawataki kusumbuliwa, sawa na Coco Beach, tofauti ni kwamba hapa muziki hauwazidi sauti.

Tukiwa pale mama yangu akapiga simu kutoka Dar. Akauliza kama tumeshafunga madirisha, mbu wameanza. Nikamwambia mama, huku bado jua liko juu. Hakuamini. Lakini ndivyo ilivyo: Musoma iko magharibi zaidi na kaskazini zaidi, na mwezi wa saba jua lake linazama kama nusu saa baada ya kuzama Dar. Nchi moja, saa moja ya ukutani, na kwetu kulikuwa na giza wakati mimi naona uso wa mume wangu wote umekuwa rangi ya chungwa.

Hapo ndipo nikamwambia habari ya zile kurasa nane.

Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Akauliza, "Kwa hiyo?" Nikamwambia kwa hiyo Jumatatu nitaomba ofisini wiki mbili Dar na wiki mbili huku, mpaka Desemba, na wakikataa tutakaa chini upya. Nauli tutagawana. Rangi ya ukuta nachagua mimi. Na harusi za watu wa ofisini kwake atachanga mwenyewe. Akakubali yote upesi, hilo la mwisho nikalirudia mara ya pili ili nihakikishe kasikia. Wakubwa wangu wanaweza kukataa, najua. Yeye anaweza kuzidiwa na kazi zile wiki mbili nitakazokuwa nipo. Tuliyasema hayo pia, palepale juu ya mawe, meno yakigongana kwa baridi kwa sababu upepo wa jioni ulikuwa haujatulia.

Giza lilipoingia, taa zikaanza kuwaka ziwani. Kwanza moja moja, halafu kumi, halafu ukadhani kuna mji mwingine upande wa pili. Mume wangu akaanza kuzihesabu, akapotea kwenye arobaini, akaanza upya. Kisha akaacha.

"Mwezi mpevu wa Agosti ni tarehe ngapi?" akaniuliza.

Nikafungua kalenda kwenye simu.